Barua kwa mwanangu: wasifu wa nyanya na kanda zake

Nairobi

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza mambo mawili. Kwanza, wasifu wa nyanya uuanzie wapi, maana kila karatasi unayoshika ina jina la babu. Pili, kanda za kwaya alizoacha kwenye sanduku la bati uzifanyeje kabla ya mazishi. La kanda nitalieleza kwa kirefu, kwa sababu kanda ikiharibika haina nakala.

Ni kweli jeshi lilimwandika babu peke yake. Nyumba ya kambini ilitolewa kwa cheo chake, uhamisho ulikuja kwa namba yake, na nyanya akafungasha. Kwa hiyo usimtafute kwenye faili za jeshi, mtafute kwa watoto wake. Kusanya vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki, kadi za ubatizo na ripoti za shule za baba yako na ndugu zake, uzipange sakafuni mwaka kwa mwaka. Mmoja alizaliwa Gilgil, mwingine akabatizwa Lanet, wa tatu akaanza darasa la kwanza Nanyuki, kitinda mimba akasomea hapa Kahawa. Hapo utaona alikopita, na kila kituo ni kwaya aliyoianza upya na watu asiowajua.

Picha nyingi hazina tarehe. Tazama mkono wa babu: tepe mbili ni koplo, tatu ni sajini. Linganisha na tarehe za kupandishwa cheo katika karatasi zake za utumishi, utajua picha ilipigwa kati ya mwaka gani na gani. Wazee watakwambia nyanya alilea watoto peke yake miaka miwili babu akiwa Namibia. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa aliokwenda nao kule ulianza Aprili 1989 ukamalizika Machi 1990, kwa hiyo miaka miwili haiingii. Usibishane nao matangani, andika tu "babu alipokuwa Namibia". Wala usiandike KDF (Kenya Defence Forces) kwa miaka hiyo. Jina hilo limekuja na Katiba ya 2010. Andika Jeshi la Kenya.

Sentensi ya kwanza isiwe na cheo cha babu. Nimechoka kusikia wanawake wakizikwa kama mke wa sajini fulani. Anza na kazi yake: alifundisha watu kuimba sauti nne kwa herufi saba. Kisha endelea. Maneno 600 yanatosha. Kwa mwendo wa mazishi ni kama dakika sita, na msomaji akishikwa na kilio zitakuwa nane.

Herufi hizo saba ziko katika madaftari yake ya solfa, yaani nyimbo zilizoandikwa kwa herufi za do, re, mi badala ya noti. Usiyachape upya kwa kompyuta. Ukiona | d : m | s : – | maana yake do pigo moja, mi pigo moja, so ashikiliwe mapigo mawili, mstari wima ndio unaotangulia pigo zito, nukta mbili zinatangulia pigo jepesi. Alama ndogo chini ya herufi huishusha oktavo nzima, na ikiwa juu huipandisha. Mchapaji huziacha alama hizo akidhani ni uchafu wa wino, na sauti ya nne yote inaharibika. Piga picha kila ukurasa mchana, karibu na dirisha, bila flashi. Kwenye kijitabu cha ibada andika mstari wa kwanza wa kila wimbo, si namba tu, kwa sababu namba hutofautiana kati ya kitabu na kitabu. Kurasa ziwe nane au kumi na mbili, zigawanyike kwa nne, la sivyo wachapaji wa River Road watakuachia kurasa tupu.

Sasa kanda. Kabla ya kucheza yoyote, vunja vile vijipande viwili vya plastiki mgongoni mwake, ili mtu asije akabonyeza kitufe cha kurekodi akafuta. Chungulia kidirisha cha kanda: ukiona unga mweupe kwenye ukanda, huo ni ukungu. Itenge, usiicheze, maana ukungu huhamia kwenye kichwa cha redio, kile kipande kinachosoma kanda, na kuambukiza kanda zinazofuata. Angalia pia kipande kidogo cha sufu kilicho katikati ya mdomo wa kanda. Kikianguka, sauti huwa hafifu, inakuja na kupotea. Kama ganda lina skrubu tano, lifungue, hamisha ukanda na magurudumu yake kwenye ganda zima la kanda nyingine. Lililogundishwa mpelekee fundi.

Zungusha kwa kalamu ya Bic mizunguko michache kwanza, uone kama ukanda unatembea. Kisha uupeleke hadi mwisho na uurudishe wote, kwa sababu uliolala miaka mingi hushikana. Safisha kichwa na rola ya mpira kwa pamba na spiriti, subiri vikauke. Tumia betri mpya badala ya stima. Stima huleta mngurumo chini ya sauti, na betri iliyochoka huvuta kanda polepole. Unganisha redio na kompyuta kwa kifaa cha USB, kwa sababu tundu la maikrofoni la laptopu mara nyingi hupokea upande mmoja tu. Rekodi kwa Audacity, programu ya kurekodi sauti, vilele visipite -6 dB, maana sauti iliyopasuka hairudi. Hifadhi kwa WAV, faili la sauti lisilobanwa. Saa moja itakula kama MB 635. Kanda ya C60 ni nusu saa kila upande na hakuna njia ya mkato, kwa hiyo kanda kumi ni saa kumi. Za C120 ziache mwisho, ukanda wake ni mwembamba na redio huutafuna.

Sauti ikiwa nzito kama iliyofunikwa blanketi, kuna skrubu ndogo kando ya kichwa. Izungushe kidogo sana mpaka herufi s zisikike kali. Na kama hujui mwendo ni sahihi, fungua daftari lake. Akiwa ameandika Doh ni G, yaani do ya wimbo ni noti ya G, na kinanda kwenye kanda kinaipiga kwa F, mwendo haukubaliani. Anza kwa kukagua redio yako. Pima kwa wimbo wenye kinanda tu. Kwaya ya sauti tupu hushuka yenyewe.

Kwa mazishi chagua dakika moja na nusu, uijaribu kwenye spika za kukodi siku moja kabla. Ianzie pale anapokohoa, anaguna kidogo, anatoa noti ya kuanzia ya kila sauti, halafu kimya kifupi kabla ya kuingia. Mtu wa mitambo atataka kukata sehemu hiyo. Usimruhusu.

Mamako