Sahani Zinazotoa Machozi: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Uyoga Kwenye Agari

SWALI: Kila nikimimina agari (unga wa mwani unaoganda kama jeli, ambao juu yake tunakuza uyoga) kwenye sahani za maabara, vifuniko hujaa matone ya maji kwa ndani. Baada ya siku chache maji hudondoka na juu ya agari kunakuwa na utelezi. Nakosea wapi?

JIBU: Unamimina ikiwa ya moto mno. Agari iliyoyeyuka haigandi tena mpaka ishuke hadi nyuzijoto 40 au chini ya hapo, kwa hiyo huna sababu ya kuwa na haraka. Subiri ifike 45 hadi 50, yaani chupa ishikike mkononi bila kukuunguza. Sahani ya milimita 90 inatosha mililita 20. Usizitandaze mezani, zipange kwa mnara, juu yake uweke chupa yenye maji ya moto. Kila sahani hupasha kifuniko cha iliyo chini yake, na chupa hupasha ile ya juu kabisa, ambayo ndiyo huwa na machozi mengi.

Zikishaganda, zigeuze kifudifudi. Utelezi huo ni bakteria, nao husafiri kwa maji: tone moja likitiririka, kidoa kidogo kinakuwa sahani nzima.

SWALI: Naomba vipimo. Mchanganyiko wangu mara nyingine hubaki kama uji hata ukilala usiku kucha.

JIBU: Kwa mililita 500 za maji, tia gramu 10 za dondoo la kimea la unga na gramu 10 za agari. Ukikosa kimea, chemsha gramu 100 za viazi vilivyokatwakatwa kwa nusu saa, chuja, tia gramu 10 za glukosi na gramu 10 za agari, kisha ongeza maji yarudi 500. Pima kwa mizani. Kijiko cha unga huu na kijiko cha unga ule havina uzito mmoja, na hapo ndipo uji wako unapoanzia mara nyingi.

Chupa usiijaze kupita theluthi mbili, na kifuniko kilegezwe. Ndani ya presha kuka, acha mvuke utoke kwa dakika kadhaa kabla ya kuziba, kwa sababu hewa iliyonaswa humo hufanya kipimo kionyeshe presha isiyo na joto lake. Kisha pika kwa pauni 15, ambazo ni nyuzijoto 121, dakika 20 hadi 30. Dakika zinahesabiwa tangu presha ifike, si tangu uwashe jiko.

Isipoganda ingawa vipimo ni sahihi, kuna washukiwa wawili. Pengine hukuizungusha chupa baada ya kuitoa, agari ikatuama chini. Au ulitia kitu chenye asidi kabla ya kupika: asidi na joto kali kwa pamoja huivunja agari. Gelatini isiwe mbadala. Huyeyuka kwenye joto la kawaida tu la kiangazi, na kuvu wengi huila. Fanny Hesse, mke na msaidizi wa mtafiti wa bakteria Walther Hesse, alipopendekeza agari mwaka 1881, shida iliyokuwepo maabara ilikuwa hiyohiyo.

Na tahadhari moja: sahani za plastiki zinazouzwa zikiwa tayari zimetakaswa huyeyuka na kujikunja ndani ya presha kuka. Zinazopikika ni za kioo.

SWALI: Kuna doa la kijani pembeni, lakini upande wa pili miselia (nyuzi za uyoga) ni nyeupe safi. Niiokoe?

JIBU: Kama una sahani nyingine safi ya aina hiyo, hapana. Ukungu ukishageuka kijani umeshazaa mbegu zake, na kufungua kifuniko ni kuzipepea chumba kizima. Ipike ikiwa imefungwa, ndipo uitupe.

Ikiwa ndiyo pekee uliyonayo, kata kipande cha milimita 3 kwenye ukingo wa miselia ulio mbali kabisa na doa, ukipeleke kwenye sahani mpya. Ukungu ukijitokeza tena, hamisha tena kabla haujaufikia ukingo. Fanya hivyo ndani ya sanduku lisilo na upepo. Kisu kichomwe mpaka kiive, kisha kipozwe kwenye agari tupu. Lakini ukinyunyiza spiriti ndani ya sanduku, usiingize moto humo: mvuke wake hulipuka.

Kwa bakteria kuna ujanja mzuri zaidi. Inua agari safi, pachika kipande chini yake. Miselia hupenya na kutokea juu. Bakteria wengi hubaki chini.

Matone ya manjano juu ya miselia si lazima yawe uchafu. Uyoga wa mamama, yaani Pleurotus, huyatoa wenyewe, hasa ukizeeka au ukipambana na jirani.

SWALI: Niliweka sahani zote kwenye friji. Mamama iliamka vizuri, Volvariella haikuamka kabisa.

JIBU: Uliiua kwa baridi. Aina nyingi hukaa salama kwenye nyuzijoto 2 hadi 4, lakini Volvariella volvacea, ule uyoga wa mabua ya mpunga, hufa hapo. Uweke karibu na 15. Pleurotus djamor ya waridi nayo haiwezi baridi ya friji.

Sahani iliyofungwa vizuri pembeni ihesabie miezi miwili au mitatu, kwani hukauka. Ya muda mrefu ni tyubu yenye agari iliyogandishwa kimshazari. Ngoja miselia iifunike ndipo uiingize friji. Rahisi kuliko zote ni vipande vinne au vitano vya ukingo mchanga ndani ya maji yaliyotakaswa, bila chakula chochote. Humo aina nyingi hudumu miaka. Friza ya nyumbani usiiguse: barafu hupasua seli.

SWALI: Naweza kuhamisha miselia kutoka sahani moja hadi nyingine mara ngapi?

JIBU: Hakuna idadi moja kwa aina zote. Miselia ikipunguza mwendo, au sahani ikigawanyika vipande vyenye sura tofauti, umeshachelewa. Rudi kwenye tyubu mama, yaani ile ya mwanzo uliyoihifadhi. Ndiyo maana mama hafanyi kazi: toa mtoto mmoja, ufanyie kazi huyo. Andika aina, tarehe na namba ya uhamisho kwenye kitako cha sahani, si kwenye kifuniko. Ukifungua sahani kumi kwa pamoja, vifuniko hupotezana na wenyewe.