Corolla, Mark II, IST na Forester: nilivyoyaendesha yote manne njia ya Njombe

Mkuu, umesema una mke na watoto watatu, unaishi Dar, wazee wako wako kijijini Njombe, unakwenda huko mara nne au tano kwa mwaka, na mwisho wa safari kuna kilomita kama ishirini za vumbi ambazo kuanzia Desemba hadi Aprili ni tope tupu. Unachagua kati ya IST, Mark II na Forester. Waliotangulia kukujibu wamekupa cc na lita. Mimi nimeyamiliki yote matatu, na Corolla kabla yake, na njia yangu ni hiyo hiyo yako kwa sababu na mimi kwetu ni huko. Nitakujibu kwa njia hiyo.

Kipimo changu ni uvumilivu. Kila gari lina makosa ambayo litakuvumilia miaka na miaka, na lina kosa ambalo ukilifanya mara moja tu, umelia. Ukishalijua hilo kosa lake, ndipo utajua kama mtaivana au la.

Nilianza na Corolla 110 ya klachi mwaka 2009, namba A, nimeichukua mkononi kwa mwalimu mmoja aliyekuwa anahama. Injini ilikuwa 5A, cc 1500, nguvu za farasi 100 ilipotoka kiwandani, na nilipoipata mimi sidhani kama zilikuwa zimebaki zote. Lakini ile gari ilikuwa na roho ya paka. Nilikuwa kijana, pesa sina, nikabadilisha oili nilipokumbuka, nikapakia mpaka shokapu zikalala. Lita moja ilinipa kilomita 14 njia ndefu bila kubembeleza. Wala sikuwahi kumuuliza yule mwalimu mkanda wa taimingi, ule unaofanya vali na pistoni ziende kwa zamu, ulibadilishwa lini.

Ulikatika ndani ya hifadhi ya Mikumi, saa tisa alasiri. Hakukuwa na kishindo chochote. Gari lilinyamaza tu likiwa mwendo wa sabini, taa za betri na oili zikawaka kwenye dashibodi, na usukani ukawa mzito ghafla. Nikaliacha liserereke hadi pembeni. Nikapiga stata: injini ikazunguka haraka, wepesi usio wa kawaida, kama haina kitu ndani. Huo mlio ukiusikia mara moja huusahau, na ukiusikia siku yoyote usiendelee kupiga stata, mkanda huo umekwenda. Mke wangu alikuwa na mtoto wetu wa kwanza mapajani, swala wanakula majani ng'ambo ya barabara, na kushuka humo ndani si ruhusa. Dereva wa lori alisimama, akatufunga kamba, akatuvuta hadi Mikumi mjini, na hela ya soda aliikataa.

Mkanda mpya ulikuja na basi kutoka Morogoro asubuhi yake. Fundi akaufunga, akapanga zile alama za juu na za chini, akaniambia washa. Ikawaka pale pale kama haijawahi kuzimika. Ndipo aliponieleza kwamba 5A imeundwa hivyo: mkanda ukikatika, pistoni haifiki ilipo vali, kwa hiyo hakuna kinachogongana. Ziko injini nyingine ambazo mkanda ukikatika vali zinapinda zote na unatafuta silinda hedi. Mimi nilikuwa naendesha mwaka wa pili bila kujua niko upande gani. Tangu siku hiyo, gari lolote nikitaka kulinunua swali la kwanza ni mkanda au cheni, na kama ni mkanda, ukikatika inakuwaje. Swali la mafuta linafuata baadaye.

Mwaka 2013 nikahamia Mark II GX100. Hapa naomba niwe mkweli: kwa raha ya kuendesha lami, sijapata gari lingine kama lile. Ile injini yake ya 1G ni silinda sita zimepangwa mstari mmoja, na injini ya namna hiyo inajisawazisha yenyewe, mtikisiko wa pistoni hii unafutwa na wa ile. Ukilala nalo kwenye kona za mlima Iyovi, limetulia, halipepei, halikimbizani na usukani. Watoto walikuwa wanalala Chalinze wanaamka Ruaha Mbuyuni. Kupita lori ulikuwa unagusa tu mafuta, gia inashuka moja, umemaliza. Mafuta ni kilomita 8 kwa lita mjini, 11 safari, na nilikuwa nalipa bila kinyongo.

Sasa tope. Mark II inasukumwa na tairi za nyuma, na uzito wa mbele ni ile injini ndefu. Nyuma kukiwa kwepesi, kwenye utelezi mkia unataka kwenda mbele kuliko pua. Mwezi wa pili mwaka 2015, kilomita nne kabla ya kufika kwetu, mkia ulihama taratibu, bila haraka yoyote, nikiwa mwendo wa mtu anayetembea, ukaingia kwenye mtaro. Tulitolewa na vijana wa kijiji kwa majembe na mabua ya mahindi chini ya tairi, saa nne usiku, baridi ya Njombe unaijua. Wakati wa kurudi Dar tulipakia magunia mawili ya viazi kwenye buti, na pale pale tulipokwama tukapita bila shida. Uzito ulikuwa umekaa juu ya tairi zinazosukuma. Ni mbinu inayofaa, lakini wakati wa kwenda viazi huna.

IST ya mke wangu sitaisema sana. Injini ni 2NZ, cc 1300, ina cheni badala ya mkanda, hivyo lile la mkanda halipo. Mjini inatupa kilomita 14 kwa lita, spea ziko kila kona, fundi yeyote anaijua hata amefumba macho. Tumeipeleka Njombe mara moja tukiwa watano na mizigo. Mlima Kitonga ilipanda, lakini kwa gia ya pili injini ikilia njia nzima, na baada ya Iringa ikawa nzito zaidi. Kuna sababu: injini isiyo na turbo, ile pampu ya kuisukumia hewa, inapoteza kadiri ya asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. Njombe iko juu ya mita 1,800. Gari lenye nguvu nyingi likipoteza hiyo sehemu hulisikii, dogo unalisikia. Kwa Dar peke yake ningekwambia nunua leo hii.

Nifungue mabano kidogo, maana kuna mtu amekwambia ujikaze ununue mkonga, yaani Land Cruiser. Nimeendesha ile ndefu ya injini ya 1HZ miaka miwili kwenye mradi wilaya ya Ludewa. Kushuka Lupingu hadi Ziwa Nyasa kwenye mawe yale, nikiwa gia ya kwanza ya ngazi ndogo, ile ya mwendo wa polepole na nguvu nyingi, mguu sijaweka breki kabisa, gari linateremka lenyewe kama mzee anayeshuka ngazi. Cc 4,164 za dizeli bila turbo, matangi mawili ya lita tisini kila moja. Hata lenyewe lina mkanda, ila waliolitengeneza wameweka taa ya T-BELT kwenye dashibodi ikukumbushe. Ni gari la kazi. Ukimpandisha mama yako mzee nyuma kwenye springi za pasi kwa kilomita 700, atakuombea upate jingine.

Forester niliinunua 2017, namba D, ni lile toleo la SG5 lisilo na turbo, na ndiyo ninayo hadi leo. Nataka uisome sehemu hii polepole.

Injini yake imelala. Pistoni mbili zinapiga kulia na mbili kushoto, kama mabondia. Faida yake ni kwamba uzito umekaa chini, na nguvu inakwenda tairi zote nne wakati wote, bila kubonyeza kitu. Chini iko juu kiasi cha sentimita 20. Mahali pale pale nilipoingia mtaroni na Mark II, Forester ilipita mara ya kwanza nikiwa bado najiandaa kuogopa. Ilitikisa mkia kidogo, tairi za mbele zikavuta, tukawa tumefika. Mama alikuwa amesimama mlangoni na taa, akadhani tumekuja na gari la kukodi. Kwenye lami haina ule ulaini wa silinda sita, na gia nne zake zinataka mguu mzito kidogo kwenye mlima, lakini kona inazishika vizuri sana. Mafuta nakadiria 8 au 9 mjini, 11 na nusu safari. Kupima, huwa najaza sheli moja hadi pampu ijizime, narudisha kilomita za safari kwenye sifuri, narudi kujaza pale pale, nagawanya kilomita kwa lita.

Ila uvumilivu wake ni mdogo kwa mambo mawili. La kwanza ni mkanda. Injini yake, EJ20, ni katika zile injini ambazo mkanda ukikatika vali zinakutana na pistoni. Hakuna bahati ya Mikumi hapo. Kilomita 100,000 ndiyo mwisho, na kama huna uhakika ulifungwa lini, badilisha wiki ya kwanza, pamoja na pampu ya maji, kwa sababu pampu hiyo inazungushwa na mkanda huo huo. Ukifungua kwa kimoja na kingine kifunge kipya.

La pili ni joto, na hapa ndipo nilipoumia. Mwaka wa pili nilimpelekea fundi mmoja wa mtaani abadilishe bomba la rejeta. Akabadilisha, akajazia maji ya bomba, akaniambia kulanti, yale maji maalumu ya rejeta, ni biashara ya wazungu, nchi yetu haina barafu. Nikamwamini. Kulanti haipo kwa ajili ya barafu peke yake, inapandisha kiwango cha kuchemka na inazuia kutu isile aluminiamu. Miezi saba baadaye, katikati ya Kitonga, nyuma ya malori matatu yaliyokuwa yanapanda kwa mwendo wa kobe, niliona mshale wa joto umetoka pale unapokaa siku zote. Haukuruka, ulisogea upana wa ukucha. Nikazima kiyoyozi, nikafungulia hita yote pamoja na jua lile, vioo chini, watoto wanalalamika. Mshale ukarudi kidogo. Nilipofika Ilula nikasimama saa nzima bila kugusa kifuniko cha rejeta. Kilipopoa nikafungua: maji rangi ya chai ya rangi, na kwenye mdomo wa rejeta kutu imeganda kama ugoro. Rejeta ilikuwa imeziba karibu nusu. Gasketi za silinda hedi zilipona, na nina hakika zilipona kwa sababu nilikuwa naangalia mshale. Ningekuwa naongea na simu nisingekuwa nayo leo hii.

Kwa hiyo jibu langu, kwa njia yako na familia yako, ni Forester isiyo na turbo. Ya turbo ina nguvu za farasi 220 na mlimani haichoki, naipenda pia, lakini inataka oili nzuri kwa wakati na matunzo ambayo mtu wa safari tano kwa mwaka atachoka nayo. Mark II ningekupa kama lami ingefika mlangoni kwa wazee. Na katika hela yako tenga mapema ya mkanda, pampu, rejeta kuoshwa na kulanti, kabla hujafikiria redio wala rimu. Tairi nunua nne kwa pamoja, saizi moja, zichakae pamoja, kwa sababu mfumo wa tairi nne ukiufungia tairi moja kubwa kuliko nyingine unaumia ndani kimya kimya. Na fundi mtafute kabla ya gari. Mwulize plagi za Forester anazitoaje. Akikwambia anaanza kwa kutoa betri na boksi la hewa ili mkono upite ubavuni, huyo ameshazigusa.

Ukiipata ya kuangalia, mwambie mwenye gari utakuja saa kumi na mbili asubuhi na asiiwashe kabla hujafika. Shika boneti kwa kiganja kwanza, ikiwa ya moto rudi nyumbani. Ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta, chovya kidole: unataka rangi safi ya kijani au buluu, bila mafuta yanayoelea. Halafu iwashe, acha kifuniko wazi dakika kumi, utazame mle ndani. Maji yakizunguka tu ni sawa. Yakitoa mapovu mfululizo kama sufuria ya wali, gesi inapita kwenye gasketi, na hapo hata akikupunguzia milioni tatu usichukue.