Jina la Hidaya halikutoka TMA
Hapana kaka, unayesema kimbunga Hidaya kiliitwa hivyo na TMA, yaani Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania: hawakukibatiza wao. Kimbunga cha Mei 2024 kilipewa jina na Madagaska, kwa sababu kilipofikia nguvu ya kupewa jina kilikuwa magharibi ya longitudo ya nyuzi 55 mashariki, mstari wa ramani unaogawa eneo la nchi hizo mbili. Kingekuwa mashariki ya mstari huo, kingepewa na Morisi. Majina hupendekezwa na nchi wanachama wa ukanda wetu wa Bahari ya Hindi, ikiwemo Tanzania, kisha hufuata alfabeti: kabla yake kilikuwa Gamane, baada yake Ialy. Ndiyo maana likaangukia H, wala si kejeli ya mtu kuita balaa "zawadi".

Kukifuatilia chenyewe, nguvu na njia yake, ni kazi ya kituo cha Wafaransa kisiwani Réunion, kwa niaba ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani.

Ila tahadhari ya kuingia baharini kwa Tanzania hutolewa na TMA. Sisi wa Sahare hapa Tanga tulivuta ngalawa juu kwa tangazo lao, hata kama kilikuja kutua Mafia, tarehe 4.