Kwenye matatu, aibu si yako: maswali ya wasomaji

Wiki hii najibu maswali manne ya wanawake wanaosafiri kwa matatu jijini Nairobi.

Jioni moja abiria aliyekaa kando yangu alinipapasa. Niliganda, sikusema neno. Ningefanya nini? (Msomaji, Kayole)

Pole sana, dada. Kuganda si kukubali. Mwili hufanya hivyo ukishtuka. Ikitokea tena na ukiweza, paza sauti umtaje: "Wewe wa shati la bluu, toa mkono!" Abiria wengi hunyamaza kwa kuwa hawajaona kinachoendelea. Kisha shika nambari ya gari, jina la sacco (ushirika wa wenye matatu) lililoandikwa ubavuni, na saa. Polisi wakichukua maelezo yako, usiondoke bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Kukupapasa bila ridhaa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006.

Aliyebakwa aende hospitali kwanza, kabla ya kuoga. Dawa za kuzuia maambukizi ya HIV zinapaswa kuanzwa kabla ya saa 72 kupita, na mapema ni bora. Simu ya 1195, ya kusaidia waliodhulumiwa kijinsia, ni ya bure, usiku na mchana.

Mama anasema nikivaa kwa heshima hakuna atakayenigusa stejini. (Msomaji, Rongai)

Namheshimu mama, lakini si kweli. Waliovaa buibui wanashikwa, na wasichana wa shule waliovaa sare pia. Novemba 17, 2014, baada ya wanaume kumvua nguo mwanamke hadharani katikati ya jiji, wanawake walikusanyika Uhuru Park wakaandamana. Mwezi uliofuata sheria ilibadilishwa, na kumvua mtu nguo kukawa kosa linalojitegemea katika Kanuni ya Adhabu. Mwaka 2017 wanaume watatu waliomvamia abiria ndani ya matatu ya Githurai walihukumiwa kunyongwa, kwa kuwa walimwibia pia kwa mabavu. Sheria inamtazama aliyemvua mwenzake. Sketi haimo.

Makanga hunikwepa nikiwa na watoto na mzigo. (Mama wa wawili, Kawangware)

Hili linaniuma, kwa sababu halihesabiwi kuwa tatizo la usalama. Usafiri wetu umepangwa kama kwamba kila abiria anakwenda kazini asubuhi na kurudi jioni, mikono mitupu. Wewe unapitia kliniki, sokoni, kisha shuleni: nauli tatu fupi, na mvua ikinyesha zote zinapanda. Kisha wakati wa kushuka, makanga anagonga bodi gari liondoke huku mguu wako mmoja ungali hewani na mtoto yuko mgongoni.

Usishuke kabla gari halijasimama kabisa, hata wakipiga kelele. Tangu kanuni za matatu za Februari 2004, zilizoletwa na John Michuki alipokuwa waziri wa uchukuzi, kondakta anatakiwa kuvaa sare na beji. Isome beji hiyo, kisha upeleke malalamiko ofisi ya sacco. Mkienda akina mama kadhaa wa steji moja, mtasikilizwa upesi zaidi.

Kwa nini tusiwe na matatu za wanawake pekee? (Msomaji, Umoja)

Metro ya Cairo ina mabehewa ya wanawake, na simlaumu anayeyapenda. Hapa kwetu ningetanguliza taa stejini, na wanawake wengi zaidi kwenye usukani na mlangoni. Gari la wanawake likijaa saa moja jioni, atakayeachwa atapanda lingine, na akishikwa humo ataambiwa alijitakia.