Usikimbie utamu: ushauri wangu kuhusu Vouvray ya Domaine Huet na chakula cha kuisindikiza

Wanaoniomba ushauri kuhusu mvinyo mweupe wa Ufaransa huanza karibu wote na sharti moja: usiwe mtamu. Nawaelewa. Wengi wetu mvinyo mtamu wa kwanza kuuonja ulikuwa wa bei ya chini, sukari tupu, na kichwa kikauma kesho yake. Lakini ukishikilia sharti hilo utaukosa mvinyo ambao, kwa maoni yangu, unapatana na vyakula vyenye nazi, tangawizi na pilipili kuliko mwingine wowote wa Ufaransa. Ni Vouvray, na kama bajeti inaruhusu, Vouvray ya Domaine Huet, shamba la mvinyo lenye jina la familia iliyolianzisha.

Vouvray ni mji mdogo kwenye ukingo wa kaskazini wa mto Loire, mashariki ya mji wa Tours, na ndio uliompa mvinyo huu jina. Jina lake linalindwa kisheria tangu 1936. Chini ya mizabibu kuna mwamba laini wa chokaa uitwao tuffeau, uliochongwa kwa karne nyingi kujengea makasri ya bonde lile. Mapango yaliyobaki ndiyo maghala ya mvinyo, na ubaridi wake haubadiliki sana kiangazi wala kipupwe.

Domaine Huet ilianza mwaka 1928, Victor Huet aliponunua shamba la Le Haut-Lieu. Mwanawe Gaston ndiye aliyeijenga sifa yake. Alikuwa mfungwa wa vita Ujerumani, akarudi nyumbani, akawa meya wa Vouvray kwa miongo kadhaa huku akiendelea kulima. Mume wa binti yake, Noël Pinguet, ndiye aliyeliingiza shamba katika kilimo cha baiodinamiki, kisichotumia kemikali za viwandani. Mwaka 2003 umiliki ulihamia kwa mfanyabiashara Anthony Hwang, lakini mashamba ni yale yale.

Zabibu ni moja tu: Chenin Blanc. Siri yake ni uchachu. Hata ikiiva sana na kujaa sukari, Chenin ya Loire haipotezi ukali wake wa limau. Ndiyo maana mvinyo wake unaweza kuwa na sukari nyingi na bado ukakuacha na kinywa safi, unatamani tonge linalofuata. Ndiyo maana pia chupa nzuri hudumu miaka mingi. Wapenzi wa Vouvray bado wanauzungumzia mvinyo wa mavuno ya 1947.

Kiasi cha sukari huamuliwa na hali ya hewa ya mwaka. Majira ya mavuno yakiwa ya baridi na mvua, zabibu huvunwa mapema na kutoa mvinyo mkavu, yaani usio mtamu, uitwao sec. Yakiwa na jua, wavunaji hupita shambani zaidi ya mara moja, wakichuma kila safari zile tu zilizoiva vya kutosha, mpaka zile zilizonyauka juani au kushikwa na ukungu unaoitwa botrytis, ambao hukausha maji ya tunda na kuubakiza utamu. Hizo hutoa moelleux, yaani mvinyo mtamu. Katikati yao ipo demi-sec. Kwa hiyo kwenye lebo ya Huet soma mambo mawili kabla ya bei: jina la shamba, na neno hilo la kiwango cha utamu.

Mashamba ni matatu. Le Haut-Lieu lina udongo mzito wa mfinyanzi, na mvinyo wake ni laini, rahisi kuupenda ukiwa bado mchanga. Le Mont lina mawe mengi zaidi; mvinyo wake ni mwembamba, mkali, na unahitaji subira. Clos du Bourg, shamba lenye ukuta juu ya kanisa la mji, lina udongo mwembamba uliolalia chokaa. Kwangu mimi hili ndilo bora, kwa sababu lina unene na ukali kwa pamoja. Anayeanza aanze na Le Haut-Lieu.

Sasa tuje mezani. Wenyeji wa Touraine, eneo linaloizunguka Tours, hunywa sec na samaki wa mtoni aliyemwagiwa mchuzi wa siagi na vitunguu, au na rillettes, nyama ya nguruwe iliyopikwa taratibu kwenye mafuta yake mpaka ikachambuka. Jibini lao la mbuzi, Sainte-Maure de Touraine, lenye umbo la gogo na bua la nyasi lililopita katikati, ni mwenzi wake wa damu. Moelleux wao huinywa na tarte Tatin, keki ya matufaha yaliyoungua kidogo kwa sukari, au na jibini lenye ukungu wa buluu.

Lakini demi-sec ndiyo ninayoitetea hapa. Nimeijaribu na samaki wa kupaka, na sijapata mvinyo mkavu unaoifikia. Mvinyo mkavu ukikutana na tui zito huonekana mchungu na mwembamba, na pilipili huuzidishia ukali. Demi-sec ina utamu wa kuipoza pilipili na uchachu wa kukata mafuta ya nazi. Kuku wa nazi vilevile, na kamba wa tangawizi. Kwa pilau la nyama nisingeitumia: bizari na nyama nyekundu vinataka kitu kingine. Nyama choma pia iache ipate mvinyo mwekundu.

Usiigandishe. Itoe kwenye friji robo saa kabla ya kula, kwa sababu ubaridi mkali huficha harufu zake zote, zile za tunda la pea na asali. Kama chupa bado ni changa, ifungue mapema au imimine kwenye jagi ipate hewa. Ikibaki, irudishie kizibo na uiweke kwenye friji. Demi-sec hukaa siku kadhaa bila kuharibika, na moelleux zaidi ya hapo.

Kwa aliye Tanzania, Chenin Blanc inalimwa pia Dodoma, kwenye ukavu na jua kali tofauti kabisa na unyevu wa Loire. Ukibahatika kupata chupa ya Vouvray sec, inunue pamoja na Chenin kavu ya Dodoma, zipoze sawasawa, uzionje kwa sahani moja ya samaki. Sikiliza uchachu: ule wa Vouvray utaubana ulimi pembeni na kukaa muda mrefu baada ya kumeza. Ukishautambua, hutaogopa tena chupa ya demi-sec, na hiyo ndiyo ya kununua safari inayofuata.