Utafiti wa sera ya anga za juu kwenye chuo cha kijeshi: si lazima uwe mhandisi

Ndugu yangu umeuliza mawili: kama mtu wa sayansi ya siasa, asiyejua fizikia, anaweza kufanya utafiti wa anga za juu na usalama wa taifa kwenye chuo cha kijeshi, na kama mambo haya si ya wakubwa wa dunia tu. La kwanza, anaweza, tena bila kuomba radhi. La pili linanikera kidogo, nitalifikia.

Mimi nilikuwa karani wa ofisi ya uwakala wa meli bandarini Kilindini, Mombasa, kabla ya kurudi shule, na baadaye nikapata nafasi ya mtafiti mgeni kwenye chuo kimoja cha kijeshi ng'ambo. Hesabu za roketi zipo, sikatai. Kule Colorado Springs, kwenye chuo cha Jeshi la Anga la Marekani, makadeti huunda satelaiti ndogo ziitwazo FalconSAT. Lakini ukiingia upande wa sera, swali linalowakosesha watu usingizi ni moja: nani kafanya, na tumejuaje?

Kuna zoezi nililiona likichezwa. Satelaiti ya mawasiliano imenyamaza ghafla, makadeti wamegawanywa, hawa wizara ya ulinzi, wale mambo ya nje, wengine kampuni yenye satelaiti. Kijana mmoja wa fizikia, hodari kwelikweli, alikuwa ameshafika aya ya tatu ya mapendekezo ya kulipiza kisasi. Mkufunzi, kanali mstaafu, akainama juu ya karatasi yake, akaisoma yote, kisha akauliza: "Ushahidi uko wapi?" Kimya. Yaweza kuwa dhoruba ya jua. Yaweza kuwa kipande cha taka za angani, mabaki ya roketi na satelaiti kuukuu, kimeigonga, au kifaa kimekufa chenyewe. Au mtu kaingilia mitambo ya ardhini, na hilo si la kubuni: tarehe 24 Februari 2022, Urusi ilipoanza kuivamia Ukraine, wadukuzi waliua maelfu ya modemu za KA-SAT, mtandao wa intaneti ya satelaiti wa kampuni ya Viasat. Ujerumani, ambayo haikuwa vitani, ikapoteza uwezo wa kusimamia kwa mbali mitambo 5,800 hivi ya umeme wa upepo. Satelaiti yenyewe haikuguswa. Je, Ujerumani ilishambuliwa? Fizikia haina jibu la swali hilo. Wewe wa siasa ndiye utakayetakiwa kulijibu.

Na sheria nayo ina matundu. Mkataba wa Anga za Juu wa 1967, Ibara ya IV, unakataza kuweka silaha za nyuklia na nyingine za maangamizi kwenye mzingo wa dunia. Silaha ya kawaida haikutajwa. Ndiyo maana China mwaka 2007, Marekani 2008, India 2019 na Urusi Novemba 2021 kila mmoja aliweza kulipua satelaiti yake mwenyewe kwa kombora bila kuivunja ibara hiyo. Ule mlipuko wa Urusi peke yake uliacha vipande zaidi ya 1,500 vinavyoweza kufuatiliwa.

Sasa hili la "mambo ya wakubwa". Nahodha mmoja aliyetia nanga hapa akitokea Bahari ya Shamu alinisimulia jinsi skrini yake ya GPS ilivyoonyesha meli iko nchi kavu, mbali na maji. Akaiacha, akashika rada na dira, akapima minara ya ufukweni kama walivyofanya wa zamani. Mwaka 2017 meli kadhaa Bahari Nyeusi zilijikuta, kwa mujibu wa GPS, ziko kwenye uwanja wa ndege wa Gelendzhik, Urusi. GPS inaendeshwa na Jeshi la Anga za Juu la Marekani, na kila kontena linaloingia Kilindini limeitegemea. Atakayeichezea hatatuuliza sisi kwanza.

Halafu watu wanasahau historia ya pwani yao. Pale Ngomeni, Malindi, Waitaliano walirusha roketi kutoka jukwaa la baharini la San Marco. Tarehe 12 Desemba 1970 ikapaa satelaiti ya Marekani ya kupima eksirei, ikapewa jina Uhuru kwa sababu ilikuwa sikukuu yetu ya uhuru. Mwaka 1976 Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za ikweta zilizotoa Azimio la Bogotá, kudai mzingo wa kilomita 36,000 hivi juu ya nchi zao, ule ambao satelaiti huonekana imetulia mahali pamoja juu ya ikweta. Wakubwa walilipuuza, lakini hoja yake ya nani anafaidi haijafa. Na Shirika la Anga za Juu la Kenya, lililoundwa 2017, liko chini ya Wizara ya Ulinzi. Hapo pana utafiti mzima.

Ningekuwa wewe ningeanza na pete ya chuma ya kilo 500 hivi iliyoanguka kijijini Mukuku, Makueni, tarehe 30 Desemba 2024. Mkataba wa Dhima wa 1972 unasema nchi iliyorusha chombo hulipa madhara yake ardhini, hata kama haikuzembea. Vizuri, lakini pete ni ya roketi ya nani, na Kenya itathibitishaje? Ni lile lile swali la kanali.

Fizikia jifunze ya kukutosha: kwa nini satelaiti ya kupiga picha kama Taifa-1 ya Kenya haiwezi kuning'inia juu ya Mombasa bali hupita tu, na kwa nini taka za mzingo wa juu hukaa miaka mingi kuliko za chini. Nyaraka za siri usizihangaikie, mgeni hapewi, na vilivyo wazi havimaliziki. Jizoeze kuandika ukurasa mmoja, maana maofisa hawasomi wa pili. Ukishaandika wa Mukuku ubandike hapa, wamo wanamaji wastaafu wa Mtongwe watakaouchambua bila huruma.