Kampuni yako ya umeme ikifilisika na gari unalichajia nyumbani

Barua pepe iliingia asubuhi moja ya Septemba 2021, nikiwa nimeegesha gari nje ya nyumba ya mzee wa kwanza niliyepangiwa kumhudumia siku ile hapa Leicester. Mistari michache tu: kampuni iliyokuwa ikiniuzia umeme imefunga biashara. Jioni nilipompigia mama Tanga nikamsimulia, swali lake la kwanza lilikuwa, "Kwa hiyo leo mnalala gizani, mwanangu?"

Ni swali ambalo yeyote aliyekulia kwetu angeuliza. TANESCO ndiyo yenye nguzo, ndiyo yenye nyaya, ndiyo inayokuuzia yuniti, na LUKU ikiisha taa zinazimika. Uingereza kazi hizo zimegawanywa. Kampuni inayokutumia bili inanunua umeme kwenye soko la jumla na kukuuzia wewe kwa mkataba, lakini waya unaoingia ndani una mwenyewe mwingine kabisa. Muuzaji akifilisika, umeme hausiti hata sekunde moja. Na siku nyaya zenyewe zikipata hitilafu unapiga 105, bila kujali bili yako inatoka kwa nani.

Kwa hiyo giza halikuwepo. Nilichopoteza ni bei nafuu ya usiku, na hilo nililigundua nikiwa nimechelewa. Ndiyo sababu naandika haya, maana walezi na madereva wenzetu wengi sasa wana magari ya umeme na sioni mtu akilieleza jambo hili kwa lugha yetu.

Mkataba wangu wa zamani ulinipa pensi 5 kwa yuniti kuanzia saa sita na nusu usiku hadi saa kumi na nusu alfajiri. Nilikuwa na Nissan Leaf yenye betri ya yuniti 40. Kwa kazi yangu ya kuzunguka nyumba za wazee natembea kama maili 800 kwa mwezi, na yuniti moja inanipa takriban maili 4, kwa hiyo gari linakula yuniti 200. Kwa pensi 5 hizo ni pauni 10 kwa mwezi mzima. Kampuni niliyohamishiwa ilinipa bei moja tu kutwa kucha, ile ya kikomo, yaani bei ya juu kabisa ambayo mdhibiti wa nishati anaruhusu kampuni kutoza, ambayo kuanzia Oktoba ilikuwa kama pensi 21. Gari lilelile, maili zilezile, pauni 42. Aprili 2022 kikomo kikapanda hadi karibu pensi 28, nikawa nalipa 56. Kwa mshahara wa mlezi, tofauti hiyo inaonekana mezani.

Kampuni nyingi zilianguka kipindi kile, zaidi ya 25 ndani ya miezi michache. Bei ya gesi ya jumla ilikuwa imeruka, na gesi ndiyo inayoburuta bei ya umeme huku. Kampuni zilizokuwa zimewaahidi wateja bei nafuu bila kununua umeme wao mapema zilijikuta zinanunua ghali na kuuza rahisi, na kikomo cha bei kiliwazuia kupandisha. Hata Bulb, iliyokuwa na wateja wapatao milioni 1.5, iliwekwa chini ya usimamizi maalumu Novemba mwaka ule kwa fedha za serikali, hadi kampuni nyingine ya umeme, Octopus, ilipoichukua mwishoni mwa 2022.

Sasa ushauri. La kwanza ni gumu kwa mtu mwenye wasiwasi: tulia. Mdhibiti wa nishati, Ofgem, huteua kampuni nyingine ichukue wateja wote wa ile iliyoanguka, na kwa kawaida inachukua siku chache tu. Ukikimbilia kuhama kabla ya uteuzi, salio lako na namba zako za mita vinaweza kuchanganywa kati ya makampuni matatu. Usikimbilie pia kufuta makato ya benki; subiri akaunti mpya ifunguliwe. Na ukipigiwa simu na mtu anayesema ni kampuni yako mpya na anataka namba za kadi, kata. Mimi nilipigiwa siku ya tatu, kabla hata uteuzi haujatangazwa. Kampuni halali itakuandikia yenyewe.

Lakini kutulia hakuna maana ya kukaa bure. Siku ileile unayopata habari, nenda kwenye mita na simu yako, piga picha namba zote ionyeshazo. Kama mita yako ina namba mbili, ya mchana na ya usiku, piga zote na uandike ipi ni ipi, maana hubadilishwa nafasi kwa urahisi sana. Kisha ingia kwenye akaunti yako ya zamani wakati tovuti bado ipo na upakue bili zako za mwaka mzima. Kwangu tovuti ilizimwa baada ya wiki chache.

Picha ile ndiyo iliyoniokoa. Kampuni mpya ilifungua akaunti yangu kwa kukadiria namba ya kuanzia, na kadirio lao lilikuwa chini ya mita yangu kwa yuniti 312. Maana yake ni kwamba yuniti 312 nilizokwisha kuzilipia kule, nyingi kwa pensi 5, ningezilipia tena huku kwa pensi 21: zaidi ya pauni 65. Nilituma picha yenye tarehe, nikaandika malalamiko rasmi, wakarekebisha. Salio langu la pauni 186 nalo lilikuwa salama, kwa sababu utaratibu wa Ofgem unalinda fedha za wateja wa nyumbani zilizokuwa zimetangulia, ila lilichelewa kufika. Wiki 8 zikipita tangu ulalamike bila suluhisho, peleka shauri lako kwa Energy Ombudsman, msuluhishi huru wa malalamiko ya wateja wa nishati. Huduma yao ni bure, na uamuzi wao, ukiukubali, kampuni inalazimika kuutii. (Kama ulikuwa na deni kule ulikotoka, usidhani limefutika. Wanaosimamia ufilisi wanaweza kulidai.)

Mkataba wa kampuni unayopangiwa haukufungi. Unaweza kuondoka wakati wowote bila faini. Swali ni kuondoka kwenda wapi, na hapa ndipo mwenye gari anapaswa kufikiri tofauti na jirani yake.

Baridi ile ya 2021, jirani asiye na gari la umeme alikuwa salama zaidi kubaki palepale, chini ya kikomo, kwa sababu mikataba mipya sokoni ilikuwa ghali kuliko kikomo chenyewe. Mwenye gari lazima apige hesabu yake mwenyewe. Mikataba ya usiku hukupa unafuu saa chache na kukutoza zaidi mchana. Nilipopata mmoja majira ya kuchipua ya 2022 ulikuwa pensi 7 na nusu usiku, pensi 33 mchana. Nyumba yangu bila gari inatumia yuniti 250. Kwa bei moja ya pensi 28, yuniti zote 450 ni pauni 126. Kwa mkataba wa usiku, nyumba ni pauni 82 na nusu, gari pauni 15, jumla 97 na nusu. Karibu pauni 29 zinabaki mfukoni kila mwezi. Kwa viwango hivyo, ukiweza kupitisha angalau robo ya umeme wako wote katika saa za usiku, unapata faida. Ukiwa chini ya sehemu moja ya tano, unapata hasara. Chukua bili zako, tumia bei unazopewa wewe, usikopi hesabu yangu.

Kilichonichelewesha miezi yote ile kilikuwa mita. Nilikuwa na mita janja ya kizazi cha kwanza, na nilipohamishwa ikawa bubu: inahesabu vizuri, lakini haitumi taarifa kwa kampuni mpya. Mikataba ya usiku kwa magari huhitaji mita inayopeleka usomaji wa kila nusu saa, la sivyo hawajui yuniti ipi iliingia saa ngapi. Kila nilipoomba nilikataliwa kwa sababu hiyo, na hakuna aliyenieleza kwa maneno mepesi. Basi swali la kwanza kuuliza kampuni yoyote, kabla ya bei, ni hili: je, mnaisoma mita yangu leo, kila nusu saa? Kama hapana, omba ibadilishwe na uingie kwenye foleni mapema. Yangu ilibadilishwa baada ya wiki saba. Baada ya hapo kuhama kulikuwa kazi ya dakika kumi, na tangu Julai 2022 uhamisho wenyewe unapaswa kukamilika ndani ya siku 5 za kazi.

Angalia pia unachaji kwa kifaa gani. Chaja ya ukutani ya kilowati 7 inaweza kuingiza kama yuniti 26 kwenye gari langu katika saa nne. Waya wa plagi ya kawaida ya ukutani hauingizi zaidi ya 9, yaani maili 36 hivi. Kwa safari zangu ningeponea chupuchupu. Anayeendesha zaidi na hana chaja ya ukutani atafute mkataba wenye dirisha refu la usiku, hata kama bei yake imezidi kidogo, maana yuniti zinazomwagikia mchana zinakula faida yote. Na ukijikuta unategemea chaja za barabarani, kumbuka kule kodi ya VAT ni asilimia 20, wakati umeme wa nyumbani unatozwa 5.

Mwisho, saa. Gari lina saa yake, chaja ina yake, na mita za zamani za bei mbili mara nyingi hazisogei saa zinapobadilishwa Machi na Oktoba. Jumapili ya kwanza baada ya mabadiliko, kaa na simu yako asubuhi uangalie gari lilianza kuchaji saa ngapi na mita iliandika nini. Mwaka jana langu lilikuwa limeanza saa tano na nusu usiku, saa nzima kabla ya bei kushuka, na nilirekebisha kabla ya chai.